Meno Chini ya Madhabahu

Wambeti alikuwa akimenya ndizi mbichi, mikono imepakwa mafuta ili utomvu usimgande, aliposikia harufu ya maziwa yaliyoharibika. Nyumbani hapakuwa na maziwa tangu Jumatatu. Akadhani Kagwiria, bintiye wa miaka saba, ametapika tena. Homa yake ilikuwa imeingia wiki ya tatu.

Jirani yake Karwirwa akaingia bila kubisha hodi.

"Mama Kagwiria, Pasta Bundi ametoroka. Watu wamebomoa madhabahu, wakapata chungu."

"Cha nini?"

"Maziwa. Na meno ya watoto wetu."

Kwa miaka kumi pasta alikuwa amewakataza watoto wa Mitunguu kurusha meno yaliyong'oka juu ya paa. Ni ushenzi, alisema. Yaletwe kwake ayaombee. Ndiye aliyechoma vibuyu vya waganga mbele ya kanisa. Njoki, mtoto wa pekee wa Karwirwa, alipeleka lake, kama Kagwiria. Alizikwa Agosti, na pasta akahubiri.

"Wazee wanasema kila jino lirushwe paa la kwao kabla ya giza, ndipo kitu kilichomo chunguni kimwachilie mtoto," Karwirwa akanong'ona. "Mimi nimechelewa. Wewe enda."

Kanisani watu walisukumana, mikono ndani ya chungu. Mutegi fundi alisimama kando akicheka bila furaha. "Jana mlimbebea Biblia. Leo mnavua meno."

Kila jino lilikuwa limefungwa kwa karatasi yenye jina, lakini maziwa yalikuwa yamefuta wino. Jua lilikuwa linazama. Wambeti akachukua moja dogo, akakimbia.

Alilirusha. Likagonga mabati, lakini halikuteleza chini kama jino linavyopaswa, bali lilipanda polepole likikwaruza, likafika kileleni, likazunguka na kuzunguka juu ya chumba alicholala mtoto, na harufu ya maziwa ikajaa nyumba nzima mpaka Kithaka, mumewe, akafungua madirisha yote. Kisha kukawa kimya.

Homa ikashuka. Kagwiria akaamka, akaomba chakula.

Wambeti akapakua ndizi na maharagwe. Kuhesabu watoto ni mwiko, kwa hiyo akahesabu sahani: yake, ya Kithaka, ya Runji kifungua mimba, ya Kagwiria. Nne. Wote walikuwapo.

Msichana akapokea sahani kwa mikono miwili.

"Asante, Mama Kagwiria," akasema kwa adabu. "Mama yangu amekula?"