Tembo Waliokimbia Droni

"Umeniulia mume wangu!" Bi Mwanaheri alimrukia jirani yake Shaban na kumtandika mwiko kichwani.

"Mumeo mzima, yuko zahanati! Kavunjika mguu tu!"

"Tu? Si wewe uliyeapa juzi kwamba tembo wakija kwako utawaswagia kwetu?"

"Nilikuwa na hasira! Leo sijawagusa, wallahi!"

Kijiji kizima cha Ngorongo kilikuwa kimeshafika, wengine na miswaki mdomoni. Twalibu, mtoto wa Bi Mwanaheri, hakutaka maneno. Alishika mpini wa jembe, akampiga Shaban begani. Shaban akaanguka kifudifudi, damu ikamchuruzika puani.

Semeni, msichana wa darasa la sita, alijibanza nyuma ya watu. Mfukoni mwa begi lake kulikuwa na droni ya kaka yake, mpiga video wa harusi kule Kibiti.

Alfajiri ile, tembo wanne walitoka hifadhini wakielekea kwenye mpunga wa mama yake. Semeni alijua tembo huogopa nyuki, na droni huvuma kama nyuki. Akairusha hadi ukingoni mwa msitu. Tembo walipiga ukelele, wakakimbia. Hawakurudi msituni. Walikatiza shamba la Mzee Mtoro, mume wa Bi Mwanaheri, wakaliangusha dungu lake, kile kibanda cha juu ya nguzo alimokuwa akilinda mpunga.

Twalibu aliinua mpini tena, safari hii akilenga kichwa.

"Mwacheni mjomba Shaban!" Semeni alipiga kelele. "Tembo niliwakimbiza mimi! Kwa hii, inavuma kama nyuki!"

Aliitoa droni. Mpini ukabaki hewani, kisha ukaanguka.

Yassin, askari wa hifadhi aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, aliichukua. "Binti, hairuhusiwi kurusha droni hifadhini wala kandokando yake bila kibali. Mnyama akitishwa kutoka juu huchanganyikiwa, anapita popote, hata juu ya mtu. Hii naondoka nayo. Kaka yako aje ajieleze. Mkiona tembo, tuiteni sisi." Akamgeukia Twalibu. "Na wewe, mtoto huyu kakuokoa usiue mtu bure. Kosa likisemwa mapema halizai jingine."

Twalibu alimwinua Shaban huku akimwomba radhi. Bi Mwanaheri alimfuta damu kwa upindo wa khanga, akiona haya. Kisha akamwona Semeni anajificha.

"We mfuga nyuki wa plastiki, unangoja nini? Mshike mjomba wako mkono, muingie ndani. Uji wa mchele unapoa."