Taar Ilifufuka Baada ya Alasiri

"Abdiwahid, aabo amesema mpaka alasiri. Akisikia sauti ya adeer wako kwenye taar kabla ya swala, anakupa mimi. Asiposikia, wazee wa Mahat wako njiani kuniposa."

Anab alisema hayo akiwa mlangoni mwa ofisi ya taar, pale Wajir, anahema. Aabo ni baba yake; adeer ni ami wa Abdiwahid, aliyepaswa kumposea. Miaka ile ya tisini simu ilikuwa ya wakubwa. Wengine walikuwa na taar, redio ya kuitana mji kwa mji: ukikohoa Wajir, Hulugho wanasikia, na Hadado nao wanasikiliza bure.

Basi siku hiyo ya siku, taar ilikuwa mezani, matumbo nje. Kila Abdiwahid akiunganisha betri, fyuzi inakatika.

"Ni shoti ndogo tu," alisema.

"Mzee Shariff ni mtu wa ukoo wenu na yuko hapo msikitini. Mwambie aje akuposee."

"Ili watu waseme sina wangu? Adeer Nunow ndiye aliyenilea. Yuko Hulugho mbele ya taar, ananingoja. Nikimpita itakuwa matusi."

"Kiburi hicho."

"Ni heshima, abaayo."

Haya, heshima. Akainamia bodi na mita yake. Mita ikalia: njia ya umeme imeshikana na chasisi, lile bati la taar.

"Kapasita," akasema kwa uhakika wa fundi aliyezoea kusifiwa. "Kwenye joto hili hufa kila siku."

Akang'oa ya kwanza. Mita ikalia. Akang'oa ya pili. Ikalia vilevile.

"Na hii nyeusi ya miguu mitatu?" Anab akauliza.

"Hiyo ni chipu ya kupunguza volti. Ndiyo askari wa bodi nzima, inalinda zingine."

"Askari haugui?"

Abdiwahid akacheka. Anab hakucheka. Alitazama jua, akafunga mtandio vizuri.

"Nakupenda, Abdi. Nakuomba, muite Shariff."

"Nenda nyumbani. Aabo wako ataisikia sauti ya adeer, wallahi."

Akaenda. Abdiwahid akaendelea kung'oa kapasita mpaka bodi ikabaki na mapengo kama kinywa cha bibi kizee. Mita bado inalia. Jasho likamtoka, na safari hii halikuwa la joto. Ndipo akayeyusha lehemu, akainyofoa ile chipu ya miguu mitatu.

Akapima bodi. Kimya. Akapima chipu yenyewe pale kiganjani. Ikalia.

Shoti ilikuwa ndani ya tumbo la askari.

"Ya Allah!"

Adhana ya alasiri ikaanza. Akachomoa chipu kama hiyo kwenye taar mbovu iliyokuwa pembeni, akailehemu, akarudisha kapasita. Watu walipotoka msikitini, alikuwa bado anahangaika. Hatimaye akaunganisha betri. Fyuzi ikashika! Taa ikawaka, spika ikaunguruma. Alicheka peke yake kama mwehu.

Anab akaingia. Hina mbichi mikononi, macho yamevimba.

"Imepona, Anab! Mwite mzee wako!"

"Wazee wa Mahat wamefika, wakasoma nikahi hapo hapo, Abdi. Aabo alisema ametimiza ahadi yake, wewe hukutimiza yako."

Kabla hajajibu, taar ikaita.

"Wajir, Wajir, Hulugho hapa! Abdiwahid mwanangu, niko hapa tangu asubuhi. Mpe mzee kipaza nimsalimie. Ova."

Abdiwahid akabonyeza kitufe, akakiachia, akabonyeza tena.

"Adeer... mzee hayupo. Nimechelewa. Anab ameolewa. Ova."

Spika ikakoroma.

"Inna lillahi. Mwanangu, Shariff hakuwa Wajir? Yeye ni mimi. Mbona hukumtuma? Ova."

Ikaingia sauti ya mwanamke asiyemjua.

"Hadado hapa. Tumesikia, walaal, ndugu yetu. Pole sana. Ova."

Anab alikuwa analia waziwazi.

"Mume wangu ananingoja," alisema, na neno hilo likawauma wote wawili. "Usinifuate."

Akatoka. Abdiwahid akaweka kichwa juu ya meza, akalia kwa sauti, hakujali nani anasikia. Nje foleni ilikuwa imeshaanza, maana habari ilienea kwamba taar imepona. Mama mmoja akabisha hodi, akauliza kama anaweza kuitiwa mwanawe Hulugho.

"Ingia, mama," Abdiwahid akasema, akajifuta uso na kikoi. "Anaitwa nani?"