Anayejibu Vilevile Mara Mbili

Mambo yalianza na kikombe. Mumewe alikunywa chai yote mbele ya macho yake, akapangusa midomo, lakini Mama Cherehani alipokwenda kukiosha alikikuta kimejaa pomoni, kinafuka moshi.

Jina hilo alipewa na majirani kwa ushonaji wake. Mumewe, mwandishi wa programu za kompyuta, walimwita Mtaalamu, ingawa kitasa cha mlango wake mwenyewe kilimtoa jasho kila siku. Miaka yote aliandika huku amenuna: akirekebisha hapa, kule kunaharibika. Wiki hiyo alijifunza lugha mpya ya kompyuta, akawa anacheka peke yake kama bwana harusi.

"Mke wangu, hii raha! Humu kitu hakibadilishwi. Unatengenezewa kipya, cha zamani kinabaki palepale. Na swali lilelile lina jibu lilelile, leo, kesho, hata mtondogoo!"

"Si uioe, basi!"

Wakacheka pale mezani. Kumbe waliosikia hawakuwa wawili.

Mchana, jua la utosi, walikuwa uani wanaanua nguo, mume kashika kapu. Mke akaingia ndani na shuka, akapokewa na harufu ya uzi ulioungua, na vidole vikigonga kompyuta, ta-ta-ta, na mgongo anaoujua kwenye kiti, na shati alilolitia kiraka kwa mkono wake, na ule mgongo ukaanza kugeuka polepole, na uso ukawa wa mumewe, unamtabasamia, hali mumewe mwingine yuko mlangoni na kapu, anatweta.

"Mimi ndiye," wakasema kwa pamoja.

Akaitwa shangazi wa mume, ajuaye mambo ya majini. Akanong'ona, "Mwanangu, chagua mwenyewe. Utakayemwambia 'toka' hatarudi, awe jini, awe mtu."

Mama Cherehani akakumbuka maneno ya mezani: swali lilelile, jibu lilelile. Jini la lugha ile lingejibu vilevile. Akamgeukia wa kwenye kiti.

"Unanipenda?"

"Kama roho yangu."

"Unanipenda?"

"Kama roho yangu," akajibu vilevile, machozi yakimlengalenga.

Akamgeukia wa kapu. "Unanipenda?"

"Nakupenda."

"Unanipenda?"

"We mwanamke, si nimeshakujibu? Natetemeka hapa!"

"Huyu ndiye wangu!" akalia. "Wangu hajawahi kunijibu vizuri mara mbili! Wewe, toka!"

Shangazi akasoma, akanyunyiza maji. Yule wa kwenye kiti hakubisha. Alifika mlangoni akahangaika na kitasa, mara kulia, mara kushoto, mpaka kikafunguka. Akageuka kumtazama mara moja. Hakuifikia kona ya mtaa. Alifutika katikati ya njia.

Kesho yake asubuhi mke alikuwa anashona kwa mkono mume alipotoka kwenda dukani. Kitasa kilisema *ka!* mara moja tu, mlango ukafunguka.

Sindano ikasimama. Mume aliporudi, mkate mkononi, akamuuliza, "Unanipenda?"

"We mwanamke, si nimeshakujibu? Natetemeka hapa!"

Mikono yake ilikuwa imetulia kama ubao.

"Mume wangu... unanipenda?"

"We mwanamke, si nimeshakujibu? Natetemeka hapa!"

Harufu ya uzi ulioungua ikajaa chumba. Na cherehani haikuwa imewashwa. Hapo ndipo Mama Cherehani alipojua kwamba yule aliyemfukuza alisema kweli, mara zote mbili.