Madalia ya Lushoto

Lamya alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila siku alirudi kutoka shule kwa basi adhuhuri, akala, akajilaza kidogo, na jua likishapoa alitoka uani kumwagilia bustani ya bibi yake. Kazi hiyo hakuipenda wala hakuichukia. Aliifanya kama mtu anavyopiga mswaki, mawazo yake yakiwa kwengine kabisa.

Bustani yenyewe ilikuwa ndogo, nyuma ya nyumba yao ya Al Khoudh, Maskati, lakini ilikuwa na maua ambayo majirani walisimamisha magari kuyatazama. Yalikuwa madalia mekundu ya kuiva, makubwa kama visahani. Bibi yake, Bi Muhsina, alizaliwa Lushoto, kwenye milima ya Usambara, na alipohamia Omani na mumewe alileta mizizi ya madalia hayo ndani ya sanduku, baina ya kanga zake. Aliyeipanda mwanzo ni dada yake, Bi Khole, aliyebaki huko huko Lushoto.

Watu walimcheka. Ua la milimani, wakasema, litaota wapi Maskati? Bi Muhsina hakuwa mtu wa kuambiwa jambo haliwezekani. Katika nchi za theluji, wenye madalia huifukua mizizi kabla ya majira ya baridi na kuihifadhi ndani isigande. Yeye aliona kuwa hapa adui si baridi, adui ni joto, basi akaigeuza kalenda. Alipanda Oktoba, akavuna maua wakati watu wanatoa masweta, na ilipoingia Mei akaifukua mizizi na kuilaza ndani, penye ubaridi, mpaka joto lipite.

Mei ya mwaka 1999 macho ya Bi Muhsina yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho alikuwa amemzidi, na mwana wake Yaarub, aliyekaa Salala, alikuwa tayari kumpeleka India kutibiwa. Kabla ya safari alimwita Lamya uani wagawe mizizi pamoja.

"Usivunje kwa mkono, huu si muhogo," alisema. "Kata kwa kisu. Kila mzizi uondoke na kipande cha shina chenye jicho. Unaliona jicho?"

Lamya aliinama. Pale mzizi mnene ulipoungana na shina palikuwa na kinundu kidogo chenye wekundu.

"Naliona, Bibi."

"Mzizi usio na jicho utakaa ardhini unanenepa tu, hauchipui. Na watu wa namna hiyo wapo."

Lamya alicheka. Walikata, wakapaka majivu mahali palipokatwa ili pasioze, wakaipanga mizizi ndani ya boksi la mbao na kuifunika kwa unga wa mbao. Bi Muhsina alifanya kazi kwa vidole zaidi kuliko kwa macho.

"Mwaka huu si wa mchezo," alisema. "Khole kanipigia simu. Watoto wa kaka yetu wameuza nyumba ya Lushoto, na aliyeinunua kaichimbua bustani yote apate pa kuwekea magari. Hata dalia moja halikubaki. Khole anaitaka mbegu yake irudi. Nlimwahidi. Rafiki ya babako, Harub, anakwenda Tanga mwezi wa Novemba, atamfikishia mpaka mkononi."

"Sisi tutabaki na mengine?"

"Tutabaki nayo. Lakini la kwanza ni la Khole. Umri wetu huu, mwanangu, mtu hangoji mwaka mwengine kama mnavyongoja nyinyi." Aliufuta mkono wake kwenye kanga. "Boksi liweke chumbani kwako, chini ya kiyoyozi. Kila wiki ulifunue. Unaooza utoe, unaosinyaa unyunyizie maji kidogo tu. Utaweza?"

"Nitaweza, Bibi. Wallahi."

Kuahidi ni rahisi, ulimi hauna mfupa. Lamya aliahidi kwa moyo safi, na wiki za mwanzo alitimiza. Bi Muhsina alipasuliwa jicho moja India, kisha akaenda Salala kupumzika nyumbani kwa Yaarub, na kila Alhamisi alipiga simu kuuliza habari za wagonjwa wake. Lamya alimjibu kwa kweli. Wagonjwa walikuwa wazima.

Mwezi wa Julai akaja binamu yake Balqees, kutoka Khuwair ya Kusini, kulala kwao siku mbili. Balqees alikuwa mkubwa kwa Lamya kwa mwaka mmoja na alijua mitindo yote ya nywele. Aliingia chumbani, akanusa, akaliona boksi.

"Nini hii? Mmefuga kuku?"

"Ni mizizi ya Bibi."

"Unalala na udongo! Mimi nikiwaambia wenzangu hawataamini. Yalla, litoe, ama mimi nalala na mama yako."

Lamya alisikia uso ukimwaka. Hakutaka kuitwa mkulima. Alilibeba boksi mpaka juu ya dari ya nyumba, kwenye stoo ya mabati walimoweka mazulia ya zamani na baiskeli mbovu, akafunga mlango. Siku mbili tu, alijiambia. Balqees akiondoka nitalirudisha.

Balqees aliondoka na Lamya naye akafuatana naye, kwani alialikwa Khuwair, na huko kulikuwa na video na watoto wengi. Aliporudi nyumbani boksi lilikuwa limemtoka kichwani kabisa. Atakayemcheka na ajiulize yeye mwenyewe amesahau mangapi.

Alilikumbuka Alhamisi, simu ilipolia.

"Wagonjwa wangu hawajambo?" Bi Muhsina aliuliza kutoka Salala.

"Hawajambo, Bibi," Lamya alisema.

Alipanda juu mbio. Stoo ilikuwa na joto la tanuri, hata kitasa kilimchoma. Alilifunua boksi kwa mikono miwili. Mizizi mingine ilikuwa imekauka na kukunjamana, imebaki ngozi. Mingine, iliyokuwa chini, ilikuwa imeoza na kutoa maji yenye harufu mbaya. Aliitazama mmoja mmoja akitafuta hata jicho moja lililo zima. Hakuliona.

Hapo angeweza kushuka akamwambia mama yake, au akapiga simu Salala. Alilifikiria hilo. Kisha akaifikiria sauti ya Bibi ikinyamaza kwenye simu, akaogopa, akaitupa mizizi kwenye pipa la taka la barabarani na kulirudisha boksi chini ya kiyoyozi likiwa na unga wa mbao mtupu. Alhamisi iliyofuata alisema hawajambo. Na iliyofuata pia. Uongo wa kwanza ulimtoa jasho. Wa tatu ulitoka wenyewe.

Bi Muhsina alirudi mwanzo wa Oktoba, amevaa miwani myeusi. Usiku wa kuamkia siku hiyo Lamya alikuwa ameshaingia jikoni, akachagua ndani ya kapu la mama yake viazi vitamu vyembamba, akavizika ndani ya boksi. Alitaka tu Bibi aguse kitu. Baada ya hapo atasema mizizi haikuota, na mambo ya bustani ni mambo ya Mungu.

Bi Muhsina hakuvua hata buibui. Aliketi, akatia mkono ndani ya boksi.

"Mbona imenona hivi?"

"Nimeitunza, Bibi."

"Na macho yake umeyaona?"

"Nimeyaona."

"Mungu akulipe, mwanangu. Mama yako angeniulia yote." Aliushika mkono wa Lamya, akaubusu. Lamya alitamani ardhi ipasuke. Alipata fursa ya kusema pale pale, na hakusema.

Daktari alimkataza Bi Muhsina kuinama na kujitia vumbi machoni, kwa hiyo Lamya ndiye aliyepanda, bibi yake akiwa juu ya kiti akimwelekeza. Vile vilivyokuwa bora havikupandwa. Bi Muhsina alivifunga mwenyewe kwa gazeti na kitambaa, bila kuvipapasa kwa kumwamini mjukuu wake, akaviweka juu ya kabati la sebuleni. Hilo ndilo furushi la Bi Khole. Kila Lamya alipopita sebuleni liko pale.

Viazi vitamu havikungoja. Ardhi ilikuwa na joto bado, maji yapo, vikachipua upesi kuliko dalia lolote. Lamya alikuwa akiamka kabla ya watu, akiyang'oa machipukizi na kuyafukia. Yaliota tena. Alichoka. Shule alisinzia, mwalimu wake akamwuliza kama anaumwa, akasema haumwi, na huo ulikuwa uongo mwengine.

Ijumaa moja, Harub akiwa anasafiri kesho yake, Lamya alipitiwa na usingizi. Aliposhuka alimkuta Bi Muhsina ameinama kwenye kitalu, miwani ameivua. Alikuwa amechuma jani, amelikata kikonyo, na utomvu mweupe ulimchuruzika kidoleni. Alilinusa. Mwanamke aliyepika matembele tangu utotoni hahitaji macho kuyajua.

"Lamya."

"Naam, Bibi."

"Haya ni matembele."

Bi Muhsina aliingia ndani, akalichukua furushi juu ya kabati, akalifungua mezani. Alivigusa viazi kimoja kimoja, polepole, akitafuta shingo na jicho, mpaka cha mwisho.

"Ningempelekea dada yangu viazi vya kuchemsha," alisema. "Niambie."

Lamya alisema yote, tangu Balqees mpaka kapu la jikoni. Alilia sana, na hakuna aliyemnyamazisha. Mama yake, aliyesikia kelele akaja, alisimama mlangoni.

"Mizizi ilikufa lini?" Bi Muhsina aliuliza.

"Julai."

"Julai." Bi Muhsina alifumba macho. "Unamjua Wadha, shoga yangu wa Darsait? Mwaka jana nlimpa fungu la mizizi ile ile, akaipanda kwake ikashika. Agosti alinipigia Salala. Anahamia Sohari kwa mwanawe, ghorofani, hana pa kupandia. Kaniuliza, 'Muhsina, mizizi nikuletee ama niitupe?' Nkamwambia itupe, usijisumbue, yangu ipo, mjukuu wangu ananitazamia, na kila wiki ananambia haijambo."

Lamya aliacha kulia. Kulia kulikuwa kudogo mno kwa jambo hilo.

"Akaitupa?" aliuliza.

"Akaitupa."

Mama yake Lamya alisema labda wajaribu kumpigia Wadha, labda ulibaki hata mmoja. Walimpigia. Haukubaki. Kisha Bi Muhsina akauvuta mkono wa simu na kumpa Lamya.

"Sasa Lushoto. Utasema wewe."

"Bibi, siwezi."

"Mimi nlimwahidi, wewe ukavunja. Mwenye kuvunja ndiye mwenye kusema."

Simu ililia muda mrefu. Sauti iliyoitikia ilikuwa nyembamba, ya mtu mzima sana. Lamya alijitaja, akasema kuwa madalia yamekufa kwa sababu yake, kwamba alificha, na kwamba Harub atakuja bila kitu. Alisema bila kujitetea, maana hakuwa na cha kujitetea nacho.

Bi Khole alisikika akivuta kiti akikaa.

"Mimi nlitaka kuliona mara moja tu," Bi Khole alisema hatimaye. "Basi. Wewe umeliona mwaka jana?"

"Ndiyo, Bibi."

"Nielezee lilivyokuwa. Petali zake zimejikunja nje ama ndani? Na ule ukingo wake, bado una weusi? Lakini usinitie chumvi, mwanangu. Nambie ulichokiona tu."

Lamya alifungua mdomo. Majira yote ya baridi alikuwa akiyamwagilia maua yale, kila jioni, na hakumbuki petali zilivyojikunja. Angeweza kubuni. Bikizee wa Lushoto angejuaje? Maneno yalikuwa yameshamfika ulimini.

"Sikuliangalia vizuri, Bibi," alisema. "Sijui."

"Haya," Bi Khole alisema taratibu. "Ahsante kwa kuniambia kweli. Mpe Muhsina."

Mabibi wawili walizungumza kidogo. Bi Muhsina ndiye aliyemweleza dada yake habari za petali na za ukingo mweusi, kwa vile alivyokumbuka. Alipoweka simu alionekana amezeeka.

"Bibi, nisamehe," Lamya alisema.

"Nimekusamehe. Kusamehe hakuoteshi dalia." Alimvuta karibu, akamkalisha, na sauti yake haikuwa ya hasira. "Sikiliza. Mizizi yangu iliuliwa na joto na usahaulifu wako. Hayo humpata kila mtu, kuteleza si kuanguka. Ungenambia siku ile, ningekugombeza, ukalia, na Wadha angetuletea yake. Mambo yangekwisha. Lakini mtu akificha kosa, humfungia mlango yule anayekuja kumsaidia, na wala hamjui. Wewe ulijua habari za Wadha?"

"Sikujua."

"Ndiyo. Mwongo hajui anavunja nini. Leo umemwambia Khole kweli, na ilikuwa chungu. Sema kweli ingali changa, mwanangu, ikiwa chungu kidogo. Usiingoje ikomae."

Alfajiri ya pili Harub alipita kuaga. Bi Muhsina alimpa kanga mbili mpya za kumpelekea dada yake, akamwambia hakuna zaidi. Lamya alisimama pembeni, na Harub alipouliza yako wapi yale maua aliyoahidiwa kuyabeba, hakumngoja bibi yake ajibu.

"Yalikufa, Ami Harub," alisema. "Niliyaua mimi."