Maneno ya Kijani

Jengo lile lilikuwa na lifti moja kwa ofisi zote, na asubuhi watu walijazana mbele yake kana kwamba ndani kunagawiwa kitu cha bure. Hapo ndipo walipokutana. Mwanamke alivaa gauni la bluu iliyokolea na viatu vya chini. Mwanamume alivaa shati lililopigwa pasi mbele tu. Mkoba wake wa kompyuta ulikuwa sakafuni, na mwanamke akaukanyaga.

"Samahani ingetosha," mwanamume alisema.

"Ingetosha kama ungeushika mkononi. Umeuanika njiani kama mkeka."

Waliokuwa karibu wakacheka. Lifti ilipofika, wote wawili walinyoosha kidole kwenye kitufe cha ghorofa ileile.

Mwanamke alikuwa mkaguzi mpya wa programu. Hakuna kazi iliyokwenda kwa wateja kabla hajausoma msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikiwa kompyuta. Mwanamume, ambaye ofisi nzima ilimwita Fundi, alirudishiwa kazi zake mpaka akazoea, naye akambandika mkaguzi jina la Pilipili. Alianza kulitumia kisogoni, akahamia usoni, halafu kwenye simu, kwa sauti ya chini, na huko jina likapata utamu.

"Umekula, Pilipili wangu?"

"Nimekula. Na msimbo wako nimeukataa."

"Wote?"

"Wewe bado sijakukataa. Shukuru."

Kazi ya Fundi ilikuwa mashine ya kutafuta msimbo. Kampuni ilikuwa na programu nyingi za miaka mingi, na mtu akitaka kipande fulani hakukipata, kwa sababu yeye anauliza kwa lugha ya watu na msimbo umeandikwa kwa lugha ya kompyuta. Fundi aliichukulia kama kazi ya ukalimani. Aliipa mashine vipande vya msimbo pamoja na maelezo ambayo waandishi huyaweka juu yake, na mashine ikajifunza neno gani la upande huu huambatana na lipi la upande ule. Ukiuliza, inakuongezea maneno yake kwa rangi ya kijani, kisha ndipo inakwenda kutafuta.

Siku ya kuionyesha kwa wateja, mkurugenzi alimwomba mkaguzi aijaribu. Aliandika: zuia makosa ya mtumiaji. Maneno ya kijani yakatokea kwenye skrini ya ukutani, makubwa: kagua, kataa, rudisha, pilipili.

Ofisi nzima ilijua pilipili ni nani. Chini yake vikafuata vipande vya msimbo na maelezo ya Fundi. Hapa Pilipili atanuna. Ziba hili kabla Pilipili hajaanza. Chumba kikaangua kicheko. Mteja mmoja akauliza kama kampuni inauza viungo pia. Mkaguzi alirudi kuketi, akakunja mikono.

Kwenye korido Fundi alianza kueleza kwamba mashine hujifunza inachokikuta. Mkaguzi alimkatiza bila kupandisha sauti.

"Majina ya wateja uliyaondoa?"

"Niliyaondoa."

"Ya wenzako?"

"Pia. Programu ya kusafisha inafuata orodha ya wafanyakazi. Pilipili haimo kwenye orodha."

"Kwa hiyo hata wewe ulisahau kwamba ni mtu."

Tangu hapo mkaguzi hakupokea simu zake. Siku moja iliitikiwa na dada yake, mshonaji, ambaye alimwambia Fundi kwamba alikuwa amebakiza kidogo tu aitwe shemeji, na kwamba cherehani inausubiri mdomo wake.

Kazini mkaguzi aliandika agizo fupi: kila maelezo yenye jina hilo yaondolewe, mashine ifundishwe upya. Fundi akafanya kama alivyoambiwa, na mashine ikaharibika. Ukiuliza namna ya kuzuia makosa, ilileta msimbo wa kuchapa risiti. Mkurugenzi akasema kazi hiyo itafungwa, Fundi atafute pengine, ila kwanza mkaguzi aseme kasoro iko wapi.

Mkaguzi alisoma polepole, kama kawaida yake, maelezo yaliyobaki na yaliyoondolewa. Yaliyobaki yalikuwa: rekebisha baadaye, usiguse, au hakuna kitu. Kwenye yaliyoondolewa, baada ya mzaha wa mstari wa kwanza, Fundi alikuwa ameeleza kila hatua kwa maneno ya kueleweka. Kumbe hayo ndiyo yaliyoifundisha mashine. Hakulainika. Alizidi kukasirika, akamfuata mezani kwake.

"Umekuwa mvivu kila mahali, isipokuwa mahali nitakapopita mimi."

"Nilikuogopa."

"Hukuniogopa. Ulijua nitasoma. Hakuna mwingine aliyekuwa akikusoma."

Fundi aligeuza kiti akamtazama. Kisha alisema kwamba alimdhalilisha mbele ya watu, na kwamba orodha haikuwa sababu. Mkaguzi alimwambia arudishe maelezo, aitoe mizaha yote kwa mkono wake, mmoja baada ya mwingine, aifundishe mashine upya, halafu awaambie watu walewale mashine ilijifunzia wapi.

Wateja waliitwa tena. Fundi alisimama, shati limepigwa pasi pande zote, akaeleza kwamba msimbo uliotafsirika vizuri ni ule aliomwandikia msomaji mmoja, akamwonyesha alipoketi, na kwamba yeye alimlipa kwa kumfanya kichekesho. Hakuna aliyecheka. Mashine ikaulizwa, ikajibu sawasawa.

Jioni walikutana mbele ya lifti, katikati ya umati. Mkoba ulikuwa mkononi.

"Nataka kuja kwenu," Fundi alisema.

"Kufanya nini?"

"Kusema nataka kukuoa."

"Dada ana hasira kuliko mimi. Anza na yeye." Alikuwa akitazama mlango wa lifti. "Na pilipili iache sokoni. Nina jina."

Fundi alilitaja, lote, jina lake na la baba yake, na watu wakageuka. Lifti ikafunguka. Mwanamke akaingia, akauzuia mlango kwa mkono, bila kutabasamu, mpaka Fundi naye akaingia.