Udongo Uliochekechwa

Kipande cha kwanza cha nyasi kiling'olewa kwenye kona ya bustani, chini ya kamba ya kuanikia nguo, na hakikuzidi ukubwa wa sinia. Mama Kijacho ndiye aliyekiona, alipotoka alfajiri na beseni la nguo kiunoni. Angesema ni kuku, lakini kuku hapangi. Nyasi zile zilikuwa zimeng'olewa moja moja, zikakung'utwa udongo, zikalazwa kwa safu, mizizi yote upande mmoja, kama kazi ya mtu anayechambua mboga bila haraka.

"Mbwa hao," alisema fundi wa bustani alipokuja kumwagilia.

"Mbwa gani anapanga nyasi, fundi?"

"Mbwa aliyesoma, mama." Akacheka peke yake. Kisha akainama kuzitazama zile safu, na kicheko kikamkauka mdomoni.

Bustani yenyewe ilikuwa dawa. Ndivyo alivyoiita mumewe. Miezi michache nyuma Mama Kijacho alijifungua mtoto wa kike ambaye hakulia, na alipozinduka baada ya kupasuliwa, mtoto alikuwa ameshaondolewa. Hakuonyeshwa uso. Hakuambiwa kaburi. "Yamekwisha, mwanangu," mama mkwe alimwambia pale pale kitandani, akimtengenezea shuka. "Usiulizeulize. Mwanamke anayeuliza hapati mwingine." Na mumewe, mpima ardhi, mtu wa kugombania mpaka uliosogea unene wa kidole, kila alipoulizwa mwanawe yuko wapi alijibu, "Yuko pema," akaongeza sauti ya televisheni. Mwishowe akamleta fundi asawazishe uwanja wa nyuma, apande nyasi, aweke na benchi la kupumzikia. Tazama jeuri hiyo: mwanamke anaomba kaburi, anapewa bustani! Na watu wa mtaani, waliomwita Mama Kijacho tangu tumbo lilipochomoza, waliendelea kumwita hivyo hivyo kwa mazoea, na hakuna hata mmoja aliyepata haya akamtafutia jina lingine.

Wakati wa kusawazisha ndipo jembe la fundi lilipogonga fuvu. Watu wa mambo ya kale wakaja na brashi na masanduku, wakafukua taratibu mchana kutwa. Mwanamke, walisema. Wa zamani sana, kabla ya mtaa huu, kabla ya mji wenyewe. Alilala kwa ubavu, magoti yamekunjwa, mikono imezunguka kifua.

"Kama amekumbatia kitu," Mama Kijacho alisema.

"Amekumbatia udongo tu, dada," alijibu mkuu wao. Wakampanga kwenye masanduku, mikono peke yake, mbavu peke yake, wakaondoka naye. Nyasi zikapandwa, zikashika. Kisha ndipo vikaanza vile vipande.

Kila alfajiri kilionekana kingine. Fundi alipanda, mkono usioonekana ukang'oa. Halafu ikaja sauti. Ilikuja alasiri, mumewe akiwa kazini na mama mkwe akisinzia: prr, prr, prr, sauti ya nyasi zikiachana na udongo, na nyuma yake mtu anaimba kwa kufumba mdomo, wimbo usio na maneno, ule ambao kila mama huujua hata kama hakufundishwa. Mama Kijacho akifungua mlango, sauti inanyamaza. Akiufunga, inaanza tena, na kila siku ilianza karibu zaidi, kwanza kwenye kona, kisha katikati ya uwanja, kisha chini kabisa ya dirisha la jikoni, mpaka alasiri moja, akiwa amesimama na kisu juu ya kitunguu nusu, alinusa maziwa yaliyochacha, akadhani ni sufuria, akainusa sufuria, akanusa kitambaa cha mezani, na harufu ikamfuata kila alikogeuka kwa sababu ilikuwa ikitoka kwake mwenyewe, blauzi yake imelowa kifuani pande zote mbili, yeye ambaye maziwa yalikwisha kumkauka zamani, huku ule wimbo wa nje ukipanda, ukipanda, kama wa mtu anayembembeleza mtoto asiyemwona.

"Mama," alinong'ona mlangoni mwa chumba cha mkwewe. "Mama, amka. Unasikia?"

Bi mkubwa alikuwa macho. Alikuwa ameketi kitandani, khanga imevutwa mpaka puani.

"Nasikia tangu juzi," akasema. "Punguza sauti. Usimwite kwa jina lolote."

"Ni nani?"

"Jini, mwanangu. Jini aliyekaa na yule maiti wetu. Tumeutoa mwili, yeye tumemwacha."

"Anatafuta nini kwenye nyasi?"

Mama mkwe aliitazama ile blauzi, akatazama pembeni. 

Aliyejibu ni fundi, kesho yake, baada ya kubanwa. Kofia alikuwa ameivua, anaizungusha mikononi. "Mama, sitakuficha. Ule udongo wa mbele ya kifua cha yule maiti niliuchimba na kuuchekecha kabla jembe halijafika kwenye fuvu. Mlikuwa na vifupa. Vyembamba, kama vya kifaranga. Nikasema ni kuku wa mtu. Vilivyobaki kwenye chekeche nilivitupa kando ya ukuta. Vilivyopita…" Akaonyesha bustani yote kwa mkono mmoja. "Nilitandaza. Ndiyo yenye rutuba."

Mama Kijacho hakupiga kelele. Aliketi kwenye benchi la kupumzikia, kwa mara ya kwanza tangu liwekwe, akalia mpaka fundi naye akajificha nyuma ya pipa la maji.

Mumewe aliposimuliwa alisema, "Tumuite mganga amtoe." Upesi hivyo. Aliyepotezewa mtoto hata kaburini, na yeye anatakiwa atolewe, asiwasumbue wenye nyumba!

Mganga alikuja mchana kweupe, suruali imepigwa pasi, na mkoba kama wa wakili. Akamketisha Mama Kijacho sebuleni kwenye stuli, maana ndiye aliyelowa maziwa, kwa hiyo ndiye aliyekaliwa na jini. Akamfunika shuka jeupe. Akafukiza dawa mpaka picha za ukutani zikapotea machoni. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, mumewe amesimama mlangoni kama mgeni.

"Wewe uliye humo," mganga aliita. "Unataka nini katika nyumba hii?"

 Nje, ule wimbo wa kila alasiri, ulioanza mapema siku hiyo, ulikoma.

"Nakuuliza mara nyingine. Unataka nini?"

"Mwanangu," ilisema sauti chini ya shuka, kavu, ya chini, si ya mtu anayejulikana. "Mmempeleka wapi mwanangu?"

"Ameshapanda," mganga alinong'ona, jasho linamtiririka. "Mjibuni. Akijibiwa kweli, anatoka. Akidanganywa, anabaki."

"Mwambie yuko kwenye nyasi!" mama mkwe alimhimiza mwanawe. "Mwambie, baba, aende zake!"

Mpima ardhi alitazama sakafuni. Alikuwa ameziona nyayo chini ya lile shuka, vidole vimekunjwa ndani kama mkewe anavyovikunja akiwa na uchungu.

"Sijui," akasema.

"Hujui nini, wewe?" mganga akamgeukia. "Si mmesema ametandazwa?"

"Sijui alipo. Nilitia saini. Waliniambia hospitali ina pa kuwazika, watamzika wao, niende nikampumzishe mgonjwa wangu. Sikuuliza wapi. Sikumfunua hata uso." Akaushika mwimo wa mlango. "Nilimwacha mezani."

"Mimi nilimkataza asiulize!" Mama mkwe alianza kulia. "Lawama nipeni mimi!"

Shuka likateremka polepole. Macho ya Mama Kijacho yalikuwa makavu, na yalikuwa yake.

"Viwanja vya watu unavijua mpaka jiwe la mwisho," alimwambia mumewe.

Hapo ndipo walipoelewa kwamba hakuna aliyempanda, kwamba aliyeuliza ni yeye tangu neno la kwanza. Na mganga, ambaye alishaanza kukusanya vitu vyake, aliinua macho kwenye dirisha na mkoba ukamwanguka, kwani pazia lilikuwa limevutwa ndani bila upepo, likanata kwenye umbo la paji, na pua, na mdomo ulio wazi, la mtu aliyesimama nje akiwasikiliza.

Mganga alitoka kwa mlango wa mbele. Mama Kijacho alitoka kwa ule wa nyuma.

Mumewe alimtazama kutoka jikoni. Mkewe alipiga magoti, akaanza kung'oa. Pembeni yake nyasi zililala mahali pawili, kama palipopigwa magoti mengine. Prr, prr, zikaachana na udongo, huku na huku, wawili kwa mwendo mmoja. Aliuchekecha udongo ule kwa vidole, akaenda na kando ya ukuta, akaokota vifupa, akavipuliza, akaviweka kwenye kiganja kisichoonekana, na kila alichoweka kilitoweka. Bustani yote ikageuka uwanja mtupu. Jua lilikuwa linazama alipoinuka, akajipangusa magoti, akaelekea kwenye geti.

"Unakwenda wapi?" mumewe aliita.

"Kumtafuta. Wa kwake tumeshamkusanya. Sasa ni zamu ya wangu."

"Kumeanza kuingia giza. Utakwenda peke yako?"

Mama Kijacho aligeuza uso pembeni, kwenye hewa tupu, kama mtu aliyesemeshwa na shoga yake. Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu wodini.

"Peke yangu?" akasema.

Akatoka, mkono mmoja umenyooshwa pembeni, umeshikwa. Geti, lile zito ambalo hugonga mpaka jirani akalalamika, likajirudisha nyuma yao polepole, bila mlio, jinsi linavyofungwa na mtu aliyebeba mtoto anayelala, asiyetaka kumwamsha.