Filamu Isiyosonga

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Sado alifagia tope lililoingia katika studio ya baba yake mjini Garissa. Mvua za mwisho wa mwaka 1997 hazikuwa na adabu. Ziliingia bila kupiga hodi. Baada ya kufagia alipangusa lenzi ya kamera, kisha akalitoa nje pazia likauke. Pazia hilo lilichorwa bahari ya samawati, minazi na meli nyeupe. Nusu ya maharusi wa Garissa walikuwa wamepigwa picha kando ya bahari hiyo, na wengi wao bahari yenyewe hawajaiona hadi leo.

Sado alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, Kerrow, alikuwa amemfundisha kutia filamu. Unachomeka ulimi wa filamu kwenye gurudumu lenye meno, unaivuta filamu kamera ikiwa bado wazi, unaona filamu inasonga, ndipo unafunga.

"Usifunge kabla ya kuona inasonga," Kerrow alisema kila siku. Jambo likisemwa kila siku, sikio la mtoto hulizoea, halilisikii tena.

Alhamisi moja msichana wa mjini hapo, Jawahir, aliolewa. Studio ilikuwa imejaa maji, kwa hiyo Kerrow alibeba bahari yake hadi uani kwa kina Jawahir na kuitundika ubavuni mwa lori. Hali ya hewa siku hiyo ilikuwa kama mtoto mwenye usingizi: mara inacheka, mara inalia. Jua lilitoka, watu wakajipanga. Wingu likaja, wakatawanyika. Upepo ukavuma hadi meli ikakunjika katikati.

"Sado! Tia filamu mpya upesi, kabla mvua haijatufikia!"

Sado alichomeka ulimi wa filamu. Tone la maji likamwangukia shingoni. Akafunga kamera papo hapo bila kutazama.

Jawahir alikuja akimvuta mama yake mzee, Fatumo.

"Niache, wewe! Nimeikwepa kamera miaka sitini, leo unanipeleka kwake kwa mkono?"

"Hooyo, barabara ikifunguka ninahamia Lafey kwa mume wangu. Nataka kwenda na uso wako."

Fatumo akakubali. Aliketi mbele ya pazia, akaligeukia na kulikagua. "Hii ndiyo bahari? Maji yote haya, na hakuna hata ngamia mmoja anayekunywa! Wenye ngamia ni wavivu?"

Uani pote watu waliangua kicheko, na Fatumo mwenyewe akacheka, mapengo yote nje. Kerrow akabofya. "Hiyo nimeipata!" alisema, akaendelea kupiga hadi mvua ikamwagika. Alimpa Sado kamera, akakimbilia bahari yake isilowe.

Barazani Sado alianza kuirudisha filamu katika mkebe wake. Siku zote kishikio cha kuirudishia kilikuwa kizito, kwa sababu kinavuta picha thelathini na sita. Siku hiyo kilizunguka kwa wepesi, kama hakivuti kitu. Akafungua kamera. Filamu haikuwa imesonga hata kidogo. Picha zote za Fatumo zilipigwa bure.

Ndani, Fatumo alikuwa bado anakula pilau na kuwatania wageni. Sado angeweza kusema wakati huo.

"Imetoka salama?" Kerrow aliuliza.

"Ndiyo, Aabo."

Picha za rangi zilioshwa Nairobi, na barabara ya Nairobi ilikuwa chini ya maji. Uongo wa Sado ukapata likizo.

Lakini msimu ule kulikuwa na homa. Ilianza kwa mbuzi, ikaja kwa watu. Jumamosi Fatumo alilala akisema kichwa kinamuuma. Jumatatu Jawahir alifika studio, macho yamemvimba.

"Adeer Kerrow, daktari ametuambia tumwombee. Niambie tu, ile picha ya mama akicheka, imo?"

"Imo, mwanangu. Usiwe na wasiwasi."

Sado aliangusha kitambaa cha lenzi. "Haimo," alisema.

"Nini haimo?"

"Picha, Aabo. Filamu haikusonga. Nilifunga bila kuangalia. Nilijua siku ile ile."

Sado alingoja kofi, na pengine angelifurahia, maana jambo lenyewe lingekuwa limekwisha. Kerrow alichukua kamera, akampa. "Tia filamu. Nikiwa natazama."

Walikimbia kwenye matope, wote watatu. Fatumo alikuwa juu ya mkeka karibu na dirisha, macho mekundu, midomo imekauka. Hakuweza kuketi.

"Ayeyo, bibi yangu, tabasamu kidogo," Sado alimnong'oneza, machozi yakimtoka.

Fatumo alijaribu. Shavu moja lilitetemeka, likatulia. Kerrow akapiga picha tatu, polepole. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, Fatumo alizikwa.

Barabara ilipofunguka, picha zilirudi kutoka Nairobi. Jawahir alikuja kuzichukua akiwa njiani kwenda Lafey. Aliitazama moja kwa muda mrefu, akaifunga ndani ya shela yake.

"Nisamehe, Dada," Sado alisema.

"Nimekusamehe. Ungenyamaza mpaka mwisho, ningeondoka mikono mitupu." Jawahir alimshika bega. "Lakini nisikilize, Sado. Kukosea kutia filamu kunaweza kumpata yeyote, hata baba yako. Kosa lako ni zile siku nne. Alhamisi mama alikuwa bado anacheka. Siku nyingine ukiharibu kitu, sema siku hiyo hiyo, wakati bado kuna mtu wa kupigwa picha."

Akatoka kwenda kupanda lori, mkono wake mmoja ukiwa umeibana shela kifuani.